Kujitegemea Ni Kinga ya Haki

(Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya wa Mchinga)



Leo tunataka kuzungumza juu ya mhogo, samaki na maji ya mvua. Huenda mmoja wenu akauliza: je, hayo ni mambo ya Tume ya Haki na Amani? Jibu letu ni ndiyo. Haki nyingi za mkulima hupotea jikoni kabla hazijapotea sokoni.

1. Njaa huuza kila kitu

Sote twaijua habari ya Yusufu katika nchi ya Misri, na jirani zetu Waislamu wanaijua pia. Lakini mara nyingi tunaishia pale alipojaza maghala. Tusome mpaka sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Watu walinunua nafaka kwa fedha mpaka fedha ikaisha. Wakatoa mifugo, na mwaka uliofuata wakatoa mashamba yao na nafsi zao wenyewe. Ghala lilikuwapo, lakini halikuwa lao.

Je, hayo hayatokei kwetu? Mwezi wa pili unga umekwisha na mahindi hayajakomaa. Anakuja mtu mwenye fedha, naye anataka korosho ambazo hata hazijachanua. Hiyo ndiyo biashara tunayoiita kangomba. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Baba amepewa kilo 20 za unga wenye thamani ya shilingi 30,000, akaahidi kulipa kilo 30 za korosho. Mwezi wa kumi korosho zikauzwa mnadani shilingi 2,500 kwa kilo. Unga wa shilingi 30,000 umelipwa kwa shilingi 75,000. Hakuna aliyemshikia panga baba yule. Aliyemlazimisha ni chungu kitupu.

Serikali imekwisha kuikataza kangomba. Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani, ili korosho zipimwe kwa mizani na kuuzwa kwa mnada. Katika msimu wa 2018 Serikali ilitangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa ili walanguzi wasilipwe. Hata hivyo kangomba haikufa. Sheria peke yake haiwezi kumzuia mwenye njaa kuuza usiku.

2. Tulikotoka

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea. Lilikuwa neno jema, lakini halikutendwa vema kila mahali. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei haikuwatia moyo. Nao ugonjwa wa ubwiri unga ukaimaliza miti isiyohudumiwa. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kujitegemea hakuletwi kwa amri. Pili, nyumba inayotegemea zao moja la fedha huanguka pamoja na zao hilo.

3. Tuanzie nyumbani

(a) Mhogo. Robo eka iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huingia mashina 1,000 hivi. Tukikadiria kwa uchache kilo moja kwa shina, na tukishamenya na kukausha, tunaweza kubaki na kilo 250 za makopa. Nyumba inayotumia kilo 2 kwa siku italishwa siku 125, yaani miezi minne. Hiyo ndiyo miezi ya kangomba. Tuchague mbegu safi isiyo na batobato wala michirizi kahawia, na tuwaulize mabwana shamba juu ya mbegu zinazostahimili, kama vile Kiroba. Makopa yakauke mpaka yavunjike kwa mlio, kisha yawekwe katika ghala lililoinuliwa, kwa maana dumuzi hushambulia makopa kama anavyoshambulia mahindi.

Tena tuwe waangalifu. Mhogo mchungu una sumu, nayo njaa huwafanya watu wafupishe kazi ya kuuandaa. Mwaka 1985 huko Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, na miguu iliyopooza hivyo haiponi. Unga wa mhogo mchungu uloweshwe kwa maji, utandazwe juu ya ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo usongwe ugali siku ileile. Sumu hutoka kwa njia ya hewa.

(b) Samaki. Siku ya samaki wengi bei huanguka, na mvuvi huuza kwa hasara kwa kuogopa kuoza. Chumvi inatengenezwa hapahapa Mchinga. Samaki apasuliwe, atolewe matumbo, aoshwe, atiwe chumvi na kuanikwa juu ya chanja, si juu ya mchanga. Mwenye ng'onda ndani anaweza kusubiri bei. Lakini kwa mboga za kila siku tutumie chumvi yenye madini joto, ili kuwakinga watoto na mama wajawazito.

(c) Maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa lita 400. Hata tano moja ikipotea, zinabaki lita 320. Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yanasafisha bati. Na pipa lifunikwe, mbu wasizaliane. Binti aliyekuwa akienda kisimani alfajiri atawahi shule.

4. Kujitegemea si kujitenga

Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika upande wa Kilwa. Magari yalikwama kwa siku kadhaa. Wakati kama huo tunaona nyumba ipi ina akiba na ipi haina. Lakini je, mwenye akiba afunge mlango? La hasha. Wapo wajane, wagonjwa na wazee wasioweza kulima hata robo eka. Kwa ajili yao tunapendekeza kila jumuiya iwe na shamba dogo la mhogo na ghala moja lenye daftari, ambamo mtu ataazima makopa na kurudisha makopa, bila riba, awe Mkristo au Mwislamu. Daftari lisomwe mbele ya wote, na funguo zishikwe na watu wawili.

Wala tusidhani kwamba mwenye kujitegemea hana la kudai. Mizani ya haki, malipo kwa wakati, barabara na zahanati ni haki yetu, na tutaendelea kuzidai. Twasema tu kwamba aliyeshiba huweza kukataa bei mbaya, na huweza kusimama mkutanoni akamwuliza kiongozi wa ushirika zilikokwenda fedha. Mdaiwa hunyamaza, maana mwenye deni lake yupo mkutanoni.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni miezi ipi chakula hupungua, na watu huuza nini miezi hiyo?
2. Je, miongoni mwetu sisi viongozi yuko anayenunua kangomba? Tutamwambiaje ndugu yetu huyo?
3. Nani atatoa shamba la jumuiya, na nani watashika funguo za ghala kabla ya mvua zijazo?