Fomu ya karo haijazwi usiku wa mwisho

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka limkute mtu nyumbani kwake. Nalo ni fomu ya kuomba mkopo wa karo, kwa kijana anayekwenda kusomea ufundi.

Nina jirani yangu, mama muuza mboga. Mwanawe alipata nafasi ya kusomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha kiufundi. Nyumba nzima ilifurahi. Wakanunua sanduku, wakanunua godoro, wakatafuta ovaroli. Fomu ya mkopo wakaiweka kando, kwani siku zilikuwa bado nyingi. Jioni ya siku ya mwisho kijana akaingia saiba. Akaandika jina, akaandika shule aliyotoka, akafika mahali panapotakiwa kitambulisho cha baba. Na ikiwa baba amefariki, cheti cha kifo. Hapo akakwama. Babake si marehemu, wala hayupo. Aliondoka kijana akiwa darasa la tatu, na hajaonekana tena. Usiku huo, ni nani wa kumwendea? Kulipokucha, muda wa maombi ulikuwa umekwisha. Muhula ule mama alikopa chamani, na deni la chama halingoji mtu amalize kusoma.

Wasikilizaji, mwenye pesa hupita benki, akalipa, akapewa risiti. Haulizwi babake yuko wapi. Asiye na pesa ndiye anayetakiwa kuuthibitisha umaskini wake kwa makaratasi, na kila karatasi ina nauli yake, foleni yake na siku yake ya kazi iliyopotea. Sisemi kwamba fedha za umma zigawanywe bila kuuliza. Nasema kwamba anayehitaji msaada zaidi ndiye mwenye safari ndefu zaidi ya kuufikia, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuianza mapema.

Tusisahau kwamba mlango huu haukuwa wazi kwa mafundi siku zote. Mikopo ya serikali ya mwaka 1974 ilikuwa ya wanafunzi wa chuo kikuu. Wengi walioipokea waliiona kama zawadi, na kulipa kukawa taabu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, na miongoni mwa kazi zake ni kukusanya madeni hayo ya zamani. Ilichukua miaka mingi kabla ya mwanafunzi wa vyuma, mabomba au ushonaji kuhesabiwa kuwa naye anafaa kukopeshwa. Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya umma vya kiufundi kuwa Sh56,420 kwa mwaka. Ikaahidi kumlipia kila mwanafunzi Sh30,000, na zile Sh26,420 zilizobaki angeweza kuziombea mkopo. Mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa, hali ya nyumba anakotoka mwanafunzi ikawa ndiyo ya kupimwa. Kwa maneno mengine, makaratasi yakawa na uzito zaidi.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusingoje barua ya chuo ndipo tuanze kutafuta vyeti. Kijana akimaliza mtihani wa kidato cha nne tu, achukue kitambulisho chake akiwa ametimiza miaka 18, apate nambari ya ushuru ya KRA, na afungue akaunti ya benki kwa jina lake mwenyewe. Vitambulisho vya wazazi vitolewe nakala. Aliyefiwa atafute cheti cha kifo sasa, maana kukitafuta kwa mtu aliyezikwa miaka kumi iliyopita si kazi ya siku moja. Na yule ambaye mzazi wake ametoweka, aende kwa chifu mapema aeleze, apewe barua, na aulize afisi inayotoa mkopo ni ushahidi gani mwingine itakaoukubali. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuandika uongo kwamba baba amekufa.

Pili, tujue tofauti ya basari na mkopo. Basari ya eneo bunge au ya kaunti hairudishwi. Mkopo hurudishwa. Sheria ya 1995 humtaka mkopaji aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na riba ya mkopo wa mwanafunzi ni asilimia 4 kwa mwaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo asikope mtu ili anunue simu. Akope kiasi cha kumfikisha penye cheti. Fundi anayejua kazi anaweza kulilipa deni hilo, hata akiwa jua kali, mradi tangu siku ya kwanza ajue kwamba ni deni.

Tatu, nina ombi kwa wakuu wa vyuo na walimu wa sekondari. Mnapompa kijana barua ya kuitwa chuoni, au cheti chake cha mtihani, mpeni pia karatasi moja yenye orodha ya vyeti vinavyohitajika na siku ya mwisho ya kuomba. Mwekeni mtu mmoja mezani wa kumsaidia kujaza. Nanyi machifu, barua ya yatima au ya mtoto aliyeachwa haipaswi kungoja kitu kidogo, wala kungoja Jumatatu ijayo.

Yule kijana wa jirani yangu bado anasoma. Mwaka uliofuata aliomba tena, barua ya chifu ikiwa mkononi miezi miwili kabla, na akapata. Mamake bado analipa chama. Juzi nilimkuta kibandani pake akimweleza mteja, ambaye bintiye yuko kidato cha nne, ni vyeti gani aanze kuvitafuta. Alikuwa amevihesabu vidole vyote vya mkono mmoja na ameanza mkono wa pili.

Hadi juma lijalo, kwaherini.