Mikono Inayosema: Umoja wetu kwa ajili ya ndugu zetu viziwi

(Maneno ya katekista, yaliyosomwa nyuma ya misa ya jubilei)



Jubilei ni wakati wa kumshukuru Mungu, na wengine wamekwisha kumshukuru kwa maneno mazuri kuliko yangu. Lakini katika Maandiko jubilei ilikuwa pia mwaka wa kurudisha: aliyepoteza shamba la baba zake alirudishiwa, na mtumwa aliachwa huru. Kwa hiyo nimeombwa kusema juu ya watu ambao parokia yetu ina deni kwao, ndio ndugu zetu viziwi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa katekista kijana, mama mmoja wa kandokando ya ziwa aliniletea mtoto wake aliyekuwa kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Aliomba mtoto apokee komunyo ya kwanza. Nilimwuliza mtoto maswali ya katekisimu, naye hakujibu. Nikamwambia mama: "Mama, umrudishe atakapojua kujibu." Ole wangu! Mtoto yule alijua kushona wavu, alijua kuhesabu feza za ndagala sokoni, na mbele ya Ekaristi alipiga magoti kwa heshima kupita wale waliokariri kitabu chote. Hakukosa akili. Sisi wawili tulikosa lugha. Nami, niliyefundishwa Kilatini na Kifaransa katika seminari ndogo, sikujisumbua kujifunza hata alama moja ya mikono yake.

Mtoto huyo alikua, akawa mwanaume wa nyumba. Siku moja misaada iligawanywa, na majina yakasomwa kwa kikuza sauti. Jina lake lilisomwa, likarudiwa, kisha wakapita. Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. Nilipofuata habari hiyo nilikuta kwamba mashirika matatu yalikuwa yamemwandika katika vitabu vyao, na kila moja lilidhani kwamba jingine linamsaidia. Aliandikwa mara tatu, hakusaidiwa hata mara moja.

Wapenzi ndugu, huo ndio ugonjwa wetu. Si kwamba hakuna wenye moyo mwema. Parokia ina Caritas yake, Waprotestanti wana kazi zao za huruma, Waislamu wana sadaka zao, zone ya afya ina wauguzi wake, masomo yana walimu wake. Kila mmoja anavuta upande wake, na kiziwi anabaki katikati. Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena katika nchi yetu jambo hili ni la uhai na kifo. Watu wa Fizi walikimbia mwaka wa 1964, wakakimbia tena 1996 na 1998; wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakaishi katika kambi kama ile ya Nyarugusu. Mwenye masikio aliamshwa na mlio wa risasi. Kiziwi aliamka tu kama mtu alimgusa bega. Askari anayepaza sauti usiku akisema "Simama!" hajui kwamba anayepita hasikii. Kipindupindu kinapoingia Baraka, watangazaji wanapita njiani wakifundisha juu ya maji na usafi, na wale wasiosikia wanaona midomo ikitikisika tu.

Je, Injili inatufundisha nini? Mtakatifu Marko, katika sura ya saba, anasimulia habari za kiziwi aliyeponywa na Bwana Yezu. Mnakumbuka neno lile Efata. Lakini tutazame yaliyotangulia neno hilo. Kwanza, mtu huyo hakuja peke yake. Watu walimleta na kuomba kwa ajili yake. Ndiyo kazi ya mashirika yetu. Pili, Yezu alimtenga na makundi, akawa naye uso kwa uso. Tatu, kabla ya kutamka neno alitumia mikono yake: aligusa masikio, akagusa ulimi. Alisema naye kwa njia ambayo kiziwi aliweza kuifahamu. Sisi tumezoea kushika neno la mwisho na kusahau vidole vilivyotangulia.

Mama Kanisa hakusahau. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1104, inakubali kwamba wachumba wasioweza kusema waonyeshe kukubali kwao kwa ishara zenye maana ileile. Kanuni ya 990 inaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, na mkalimani huyo naye amefungwa na siri. Basi mlango uko wazi. Anayekosekana ni mtu wa kusimama mlangoni mwenye kujua lugha ya mikono.

Lugha hiyo ina historia, na Mapadri wageni wataniruhusu niikumbushe kwa ufupi. Huko Paris, kama mwaka 1760, Padri Charles-Michel de l'Épée alifungua masomo ya watoto viziwi. Na ishara alijifunza kwa viziwi wenyewe. Baadaye kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, alivuka bahari, na mwaka 1817 yeye na Thomas Hopkins Gallaudet walifungua masomo Hartford, Marekani. Kutoka Marekani alikuja Andrew Foster, mtu mweusi aliyepoteza masikio akiwa mtoto kwa ugonjwa uleule wa uti wa mgongo. Alianza kazi Ghana mwaka 1957, akaanzisha masomo 31 katika nchi 13 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Foster hakuwa Mkatoliki. Lakini mbegu iliyopandwa kwa mkono wa padri, yeye Mprotestanti, na kiziwi, aliieneza mpaka kwetu. Nani atasema kwamba kazi hii ni ya dhehebu moja?

Lakini historia ina onyo pia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia. Karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Waliamua kwamba ishara ziondolewe masomoni na watoto walazimishwe kusema kwa mdomo. Kwa vizazi vingi watoto wa nchi nyingi walikatazwa kutumia mikono yao. Ni mwaka 2010 tu ambapo mkutano kama ule, uliofanyika Vancouver, Kanada, ulionyesha masikitiko kwa madhara hayo. Watu wa Milano hawakuwa waovu. Walikuwa wakitafuta mema ya wengine bila kuwauliza. Mimi na katekisimu yangu nilifanya vilevile.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Viziwi wa huko walianzisha chama chao mwaka 1973. Mwaka 1987 vyama vya vilema wa kila namna, viziwi, vipofu na wasiotembea, viliungana katika umoja mmoja wa taifa. Matunda yalionekana: Katiba ya 1995 ilitaja lugha ya ishara, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, aliye kiziwi, aliingia bungeni kuwasemea wenzake kwa mikono yake mwenyewe.

Na sisi Wakongomani hatukosi sheria. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inawapa vilema haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria yao ya pekee. Lakini sheria haipandi pikipiki kuja Fizi. Lazima watu waifuate na kuidai, nao wasiidai mmoja mmoja.

Kwa hiyo natoa maombi manne. La kwanza: iwepo komite moja kwa Fizi na Baraka, ya Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, walimu, wauguzi na wakubwa wa serikali, na viziwi wenyewe wawe nusu yake au zaidi, si wa kutazama bali wa kuamua. La pili: kiwepo kitabu kimoja cha majina, ili mtu asiandikwe mara tatu na kulala njaa. La tatu: tuchague vijana wawili au watatu wakajifunze lugha ya ishara, halafu wafundishe wazazi, makatekista na wauguzi. La nne: kila Shirika letu la msingi liwatafute viziwi wanaofichwa nyumbani kwa haya, maana kwanza inatupasa kujua wako wapi.

Wapenzi ndugu, tarehe 28 Novemba 1964 Padri Luigi Carrara na Frère Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ileile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Wasaveri kutoka Italia, wa nne padri wa nchi hii. Tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne pamoja kuwa Wenye Heri. Damu yao haikuuliza shirika wala taifa. Sisi tutashindwaje kuunganisha vitabu vyetu vya majina?

Yule mtoto niliyemrudisha, leo yuko pamoja nasi, ameketi benchi ya tatu. Alikwisha kunisamehe, na sasa ndiye mwalimu wangu wa ishara, ingawa vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa umri. Nilimwuliza niwaambie nini. Alinijibu kwa mikono yake: waambie watuite, na tutakuja.

Nimemaliza. Nawaomba msipige makofi, kwani yeye hatayasikia. Viziwi wanasifu kwa kuinua mikono juu na kuitikisa. Tuinue mikono yetu sote.