Pikapu ya Marehemu Baba na Injini ya Dizeli
(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Singida)



Nimeombwa niseme jambo la ufundi kwa muda wa robo saa. Mimi si mhandisi. Ni mfanyabiashara wa vitunguu mwenye gari kuukuu. Lakini nitakayosimulia yanatokana na somo la Fizikia nililofundishwa katika chumba kile pale cha mwisho. Mtihani niliushinda, somo nikalisahau, hata siku lilipokuja kunidai lenyewe katika mteremko wa Sekenke.

Gari lenyewe ni pikapu, Land Rover 109 ya mwaka 1974, ambayo marehemu baba aliinunua mnadani ikiwa na injini ya petroli ya cc 2,286. Wazee wenzangu mnaikumbuka sauti yake, na kiu yake pia. Katika miaka ile ya 1970 na 1980, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana mafuta, baba alikuwa akisema kwamba marufuku ile ndiyo iliyomwokoa asifilisike. Nilipoirithi nilipima mwenyewe: ikiwa na mzigo, lita moja haikuivusha kilomita 6. Basi mwaka 2011 nikaamua kuitia injini ya dizeli.

Vijana, nawakumbusha tofauti. Injini ya petroli hunyonya hewa iliyochanganyika na petroli, huikandamiza kama mara 8, kisha plagi hutoa cheche. Dizeli hunyonya hewa tupu na kuikandamiza karibu au zaidi ya mara 20, hewa ikawa ya moto kiasi kwamba mafuta yakipulizwa ndani na nozeli huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifaulu kuendesha injini ya namna hii huko Augsburg mwaka 1897, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. (Najua swali linalokuja, maana hapa Singida kila mtu huliuliza: je, alizeti? Yatawaka, lakini ni mazito mno, yataziba nozeli. Yapelekeni jikoni.) Kuna tofauti nyingine ambayo sikuikumbuka. Hiyo tutakutana nayo njiani.

Watu walinishauri nitafute dizeli ya Land Rover yenyewe, kwa kuwa inakaa pale pale bila kukata chuma. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini zile za kabla ya mwaka 1980 zina beringi kuu tatu tu za kushika krenki, na krenki zake zina sifa mbaya ya kukatika. Nilizoonyeshwa zote zilikuwa za umri huo. Nikanunua injini iliyotumika ya Nissan, TD27, cc 2,663.

Kazi kubwa ilikuwa kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover, maana matundu ya bolti hayalingani. Mkerezaji alitutengenezea bamba nene la chuma la kukaa katikati ya hizo mbili. Hapo hapana budi kuwa na subira: shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya flaiwili. Ikienda upande hata kwa kiasi usichokiona kwa jicho, beringi italia na klachi haitadumu. Tulifunga na kufungua mara nne. Tangi tuliliosha lote, kwa sababu pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli iliyobaki huila. Tukaongeza bomba la kurudisha mafuta tangini, na betri kubwa zaidi. Baada ya wiki tatu ikanguruma, watoto wa mtaa wakashangilia.

Breki ilikuwa nzito. Fundi akasema Land Rover ni Land Rover, kanyaga. Nami nikakanyaga, mjini, bila mzigo, ilisimama.

Wiki iliyofuata tukapakia vitunguu kwenda Igunga, mimi, utingo, na mama mmoja jirani aliyeomba lifti akiwa na mwanawe mchanga. Sekenke mnapajua: ardhi inakatika ghafla, na mbele unaiona mbuga ya Wembere. Nilianza kuteremka kwa gia ya tatu, nikijiamini. Penye kona nikakanyaga breki kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili, hata nikainuka kwenye kiti. Pedali ilikuwa kama jiwe. Mbele yetu lori lilikuwa likipanda. Nikalazimisha gia ya pili, chuma kikalia, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima likajisugua mpaka likasimama. Taa moja na madigadi vilikwenda. Mama yule alishuka, akamfunga mwanawe mgongoni, akaanza kuteremka kwa miguu kuelekea Shelui bila kuniambia neno. Hadi leo hajapanda gari langu, na simlaumu.

Sasa ile tofauti. Mguu wa dereva husaidiwa na sevo, yaani kopo kubwa lenye utando ndani. Upande mmoja wa utando hufyonzwa hewa. Upande wa pili hewa ya kawaida husukuma, na msukumo huo ndio unaoongeza nguvu ya mguu. Ni nani anayefyonza? Katika petroli ni injini yenyewe: ukiondoa mguu kwenye mafuta, kilango cha kabureta hufunga, nazo pistoni zikavuta pasipo na hewa ya kutosha. Dizeli kama yangu haina kilango hicho; hewa huingia bure wakati wote. Tulikuwa tumeuchomeka mpira wa sevo kwenye njia ya hewa kama ulivyokuwa zamani, na haukuvuta kitu. Walioiunda injini ile waliweka pampu ndogo ya kufyonza nyuma ya oltaneta. Mimi niliinunua bila oltaneta ili nipunguziwe bei, tukafunga ile ya zamani. Fundi wangu hakupata kusoma Fizikia. Mimi niliisoma.

Nilinunua oltaneta yenye pampu, pamoja na mabomba yake ya oili, kwa bei iliyozidi punguzo nililopewa. Na kipimo ni rahisi, kila mmoja aweza kukifanya leo: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, uache mguu hapo hapo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, sevo inafanya kazi. Isipozama, usitoke.

Kadhalika msisahau kadi ya gari. Ina namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA kabla askari hajawasomea namba hiyo barabarani.

Pikapu iko nje chini ya mwarobaini. Siku hizi lita moja huivusha kilomita 9, na upepo ukiwa nyuma yetu utingo wangu hudai ni 10. Anayetaka kuijaribu pedali aje baada ya chakula. Ufunguo ninao mfukoni.