Wimbo na Wenye Wimbo: Muziki na Siasa katika Kasongo na Kabambare



Anayeandika juu ya muziki na siasa nchini Kongo huanzia Kinshasa, na mara nyingi huishia huko huko. Huwataja wanamuziki Kabasele na Franco, huchambua maneno ya nyimbo zao, kisha hudhani kwamba nchi nzima ilisikia yale yale na kutenda yale yale. Mada hii inaanzia kusini mwa Maniema, katika teritwari za Kasongo na Kabambare, ambako rumba ilifika kwa redio na santuri, tena kwa Kilingala, ikawakuta watu waliokuwa wakiimba, wakihubiri na kufanya biashara kwa Kiswahili tangu enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip. Nadai kwamba huku muziki ulijenga harakati pale tu kundi lililoimba lilipokuwa mali ya waimbaji wenyewe: wakichangia wao, wakimpa cheo wanayemtaka wao, wakikutana kwa hiari yao. Maneno ya wimbo yalikuwa na uzito mdogo kuliko sisi wasomi tunavyopenda kuamini.

Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la kikoloni la Dhanis mwaka 1893, lakini njia za msafara hazikufa siku hiyo. Vita vya kwanza vya dunia vilizifungua upya. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, yakifuatwa na wapagazi wengi sana kutoka mashariki ya Kongo, na katika miaka iliyofuata beni, ngoma ya gwaride iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi kwenye miji ya migodi ya Katanga. Wazungu wengi waliiona beni kama mchezo wa kuwaiga maofisa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba nyuma ya sare na vyeo vya kapteni na daktari kulikuwa na chama kamili, chenye michango, misaada ya mazishi na mawasiliano kati ya mji na mji. Kwa upande wa Kasongo jambo lililo karibu zaidi na hilo ni zikri ya tarika ya Kadiria, iliyoitwa Muridi, ambayo ilienea Maniema katika miaka ya 1920 na kuwatia wasiwasi watawala wa kikoloni. Najua wenye tarika hawatapenda zikri yao itajwe pamoja na beni, na wana haki: ile ni ibada, hii ni starehe. Nazitaja pamoja kwa sababu moja tu. Zote mbili ziliwakusanya watu kwa mpigo mmoja na pumzi moja, chini ya viongozi ambao msimamizi wa teritwari hakuwateua wala hakuweza kuwafukuza kazi.

Sasa tuje 1960, mwaka ambao wimbo mmoja huonekana kuthibitisha kinyume cha ninachosema. Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikwenda Brussels wakati wa mkutano wa Meza ya Duara uliojadili uhuru wa Kongo, na huko wakarekodi Indépendance Cha Cha, wimbo uliopigwa sehemu nyingi barani. Je, si maneno yake yaliyoiamsha nchi? Tuyatazame maneno hayo. Sehemu kubwa ni orodha ya majina ya vyama na ya viongozi: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Bolikango na wengine. Asiyejua Kilingala hakukosa kitu, kwa kuwa majina hayahitaji mkalimani. Lakini wimbo uliowataja wote haukuweza kumchagulia mtu yeyote upande. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Mei 1960, Maniema ilikuwa ngome ya MNC, chama cha Lumumba. Kama wimbo ndio ulioamua, mbona Tshombe, aliyetajwa humo humo, hakupata kitu huku? Tofauti haikuwa kwenye santuri. Ilikuwa kwenye matawi ya chama, kwa vijana wake, na kwa Waungwana, yaani Waislamu wa Kiswahili, ambao utawala wa Wabelgiji ulikuwa umewaweka kando kwa miongo mingi, na ambao walikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kukusanyika bila ruhusa ya bwana. Cha cha iliwapa sherehe. Mkusanyiko walikuwa nao tayari.

Miaka minne baadaye ushahidi unakuwa mkali zaidi. Waasi wa Gaston Soumialot walitoka upande wa Fizi, wakapitia Kabambare na Kasongo, na mwishoni mwa Julai 1964 Kindu ikawa mikononi mwao. Wapiganaji wao, walioitwa Simba, waliagizwa na waganga wao kwenda mbele bila kugeuza shingo, wakipaza kwa pamoja mlio wa Mai Mulele. Yapo mapingamizi mawili yenye nguvu hapa. La kwanza: huo si muziki, ni kelele za vita. La pili: askari wa serikali walikimbia kwa kuogopa dawa ya waganga hao, na vijana walijiunga kwa sababu uhuru haukuwaletea kazi wala mishahara; wimbo haukuongeza kitu. Pingamizi la pili linaeleza vizuri kwa nini watu walijiunga na kwa nini adui alikimbia. Halielezi ni vipi vijana wasio na mafunzo ya kijeshi waliweza kutembea wamesimama kuelekea bunduki bila safu kuvunjika. Sauti ya pamoja ndiyo iliyokuwa amri yao, saa yao na mazoezi yao. Na hilo linajibu la kwanza pia: ukiiondoa melodia, bado mpigo unafanya kazi. Nisieleweke kwamba nawasifu. Kindu iliona mauaji ya wasomi na wafanyakazi wa serikali chini ya watu hao hao. Sauti inayoshikamanisha kundi haiulizi kundi linakwenda kufanya nini.

Chini ya utawala wa Mobutu mambo yaligeuka. Tangu miaka ya 1970 animasio ya siasa ilikuwa wajibu: wafanyakazi maofisini na wanafunzi shuleni walicheza na kumwimbia Kiongozi, nyingi ya nyimbo zikiwa za Kilingala hata katika mikoa ya Kiswahili. Hakuna muziki uliorudiwa kwa bidii zaidi katika historia ya nchi hii. Mobutu alipolegeza kamba tarehe 24 Aprili 1990 na kuruhusu vyama vingi, nyimbo zile zilinyamaza haraka, na miaka saba baadaye, waasi wa AFDL walipopita Maniema, hazikumtolea Mobutu hata mtetezi mmoja. Sare zilikuwepo, mazoezi yalikuwepo, mpigo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyetoa mchango wake kwa hiari.

Atasimama mshiriki aniulize juu ya mwanamuziki Remmy Ongala. Mzaliwa huyu wa Kindu alihamia Dar es Salaam mwaka 1978, akaongoza Super Matimila, akawaimbia wanyonge kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikielewa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga Mambo kwa Soksi, wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati wa ukimwi, nao ukaenea bila redio. Hapa maneno yalifanya kazi, nakubali. Yalifungua mazungumzo ambayo mawaziri na masheikh waliyakwepa. Lakini tazama yalikofikia: aliwapa wanyonge msamiati, hakuwapa chama.

Ndiyo maana napendekeza kwamba watakaokusanya nyimbo za siasa kuanzia Kipaka hadi Salamabila wasianze na mashairi. Wamuulize mzee kwanza nani alitunza fedha za ngoma, sare zilishonwa kwa gharama ya nani, mazoezi yalifanyika uani kwa nani, na aliyekosa kuhudhuria alitozwa nini. Maneno ya wimbo wayaandike mwisho, na wasishangae wakikuta yamesahaulika huku daftari la michango bado lipo.