Jino Limetoka, Donge la Damu Liachwe

Msikilizaji, kung'oa jino huchukua dakika chache. Kidonda chake ndicho kinachotaka uangalizi wa siku nyingi, na uangalizi huo uko mikononi mwako wewe mgonjwa.

Jino likishatoka, tundu hujaa damu, na damu hiyo huganda. Donge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Ndiyo maana daktari hukupa pamba na kukwambia uing'ate barabara kwa muda wa nusu saa. Lakini watazame watu wakitoka kliniki: mtu hajafika getini ameshaitoa pamba aitazame, anatema, anasukutua, anatema tena. Damu kidogo ikichanganyika na mate huonekana nyingi, naye kwa hofu anazidi kutema. Kila akitema, analivuta lile donge.

Donge likitoka mapema, mfupa unabaki wazi. Siku ya 2 hadi ya 4, wakati maumivu yalitakiwa kupungua, ndipo yanapopamba moto, yanapanda hadi sikioni, na kinywa kinanuka. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Hiyo kwa kawaida siyo tiba yake. Rudi kwa daktari wa meno, asafishe tundu na kuliwekea dawa.

Basi kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usitemeteme, usinywe kwa mrija, na uepuke pombe na chai ya moto. Sigara na ugoro viache kwa siku kadhaa. Usishindilie unga wa karafuu wala majivu ndani ya tundu. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, hasa baada ya kula.

Damu ikikataa kukatika, uvimbe ukizidi, ukipata homa, usaha au shida ya kumeza, usisubiri kesho.

Nanyi madaktari na wauguzi, mgonjwa mwenye ganzi na hofu hayashiki maelezo ya harakaharaka ya mlangoni. Mwelezeni kabla ya kung'oa, mrudieni baadaye, na aliyemsindikiza naye asikie. Maelezo hayo ni sehemu ya matibabu, na mgonjwa ana haki ya kuondoka nayo.