Miaka ya Ukarani

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu wa kidato cha nne hapa Mpanda: hongereni.

Mwalimu wenu wa Kiswahili kaniomba niwaeleze mtu anafikaje kuwa mtunzi wa tamthiliya. Kwa kawaida hafiki moja kwa moja. Ngoswe mmemsoma: karani wa sensa, kampenda Mazoea, takwimu zikaishia motoni. Edwin Semzaba aliyemtunga alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Shaaban Robert, mshairi na mtunzi wa riwaya, alizunguka zaidi. Mwaka 1926 aliingia Idara ya Forodha, akadumu humo hadi 1944, Pangani na kwingineko. Akahamia Idara ya Wanyama. Toka 1946 hadi 1952 alikuwa ofisi ya wilaya, Tanga, kisha upimaji ardhi hadi 1960. Ukarani mtupu! Mwaka 1962 akafariki.

Sasa tazameni: Kusadikika kilichapishwa 1951, yeye bado yuko ofisi ya wilaya. Humo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, na katika utetezi wake anawataja wajumbe sita waliotumwa ugenini, wakarudi na habari za manufaa, wakatupwa gerezani. Mimi siamini kama mtu angeyaandika hayo bila kushuhudia taarifa nzuri ikifia kwenye faili la mkubwa. Walimu wa fasihi mna ruhusa ya kunipinga.

Kwa hiyo atakayepata kibarua soko la tumbaku asinune. Asogee karibu na mizani. Mteuzi anachomoa jani kwenye robota, analinyoosha, analinusa, anataja daraja. Mkulima aliyehangaika msimu mzima anatazama viatu vyake. Mkewe, pembeni, anakohoa. Wahusika watatu, mgogoro tayari, na wenye shamba hawajatamka neno. Kikohozi kile hakifundishwi chuoni. Ila kiandike jioni ileile, maana kesho yake utakumbuka bei tu.

Wazazi, mtoto akiomba daftari la ziada, msimuulize litaingiza shilingi ngapi.

Nami kesho napanda treni kwenda Tabora. Mwenye igizo, hata la kurasa tatu, aniletee kabla pilau haijaisha. Mwandiko usomeke, tafadhali. Kutoka hapa hadi Kaliua behewa linatikisika.