Mzee Amerudi Garissa

(Maneno ya ndugu mmoja wa karakana ya reli, aliyoyasema katika mkutano wa tawi)

Katibu ameniomba niseme juu ya kustaafu. Mimi sijafika miaka arobaini, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Lakini nimemwona kwa macho yangu mtu aliyestaafu mara mbili, naye ni baba yangu mzazi.

Baba si mtu wa reli. Reli haikufika Garissa hata leo. Imebaki katika makaratasi ya mpango wa Lamu. Yeye alikuwa dereva wa greda. Mwaka 1978 alitoka kwetu Maragoli akapelekwa Garissa kutengeneza barabara za mchanga za Modogashe na Dadaab. Mkoa ule wa Kaskazini Mashariki ulikuwa chini ya sheria za hatari, ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Watumishi waliohamishiwa huko walilia kama waliofungwa. Hata wenyeji wakipanda basi kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya.

Baba alikaa miaka 30. Alijifunza Kisomali, akazoea jua na maziwa ya ngamia. Mama alibaki Maragoli na nusu eka ya shamba na sisi watoto watano. Baba alikuja Desemba, akaondoka Januari.

Mwaka 2008 alitimiza miaka 55, akastaafu, maana umri wa serikali ulikuwa haujapandishwa kuwa 60. Tulichinja kuku, tukafurahi. Lakini, ndugu zangu, aliyerudi alikuwa mgeni. Vijana wa kijiji hawakumjua. Wengi wa rika lake walikuwa wamekufa. Mama alikuwa amezoea kuamua mwenyewe habari za ng'ombe, karo na mipaka. Sasa yuko mzee nyumbani anayeuliza chumvi imewekwa wapi. Watu walimtembelea fedha zilipokuwapo, na zilipokwisha hawakuonekana tena. Akawa wa kukaa chini ya mparachichi na redio yake.

Mwaka 2011 alifunga sanduku, akasema, "Narudi Garissa."

Baba wadogo walimjia juu, wakamwambia mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilisema neno baya zaidi. Nilimwambia, "Baba, umetutupa mara ya pili." Hakunijibu. Alipanda gari.

Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, wakauawa watu 148. Watumishi wengi kutoka bara walikimbia, walimu na wauguzi. Nilimpigia simu nikilia, nikamwomba atoke. Akasema, "Niko nyumbani kwa rafiki yangu. Amekuja kunichukua usiku, mimi na godoro langu. Nikikimbia leo, nitamwambia nini kesho?"

Agosti nilikwenda kumwona. Kutoka kituo cha basi hadi kwake si mbali, lakini tulitembea saa nzima, maana kila mlango ulikuwa na salamu. Yeye na rafiki yake, mzee wa Kisomali, walikuwa na mashine ya maji na migomba kando ya mto Tana. Sitaki kuwadanganya: wapo wanaomwita "nywele ngumu" mpaka leo. Kiwanja chake kina barua tu, hakina hati. Na mafuriko ya 2023 yalichukua migomba na mashine pamoja. Lakini pale anajulikana kwa jina lake na kazi yake.

Basi nimejiuliza, ni nani aliyekosa? Baba, au Mama, au sisi? Nimeona kwamba kosa lilianza zamani. Mwaka 1954 kamati ya mishahara, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilisema wazi kuwa Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu mmoja tu. Ilidhaniwa mkewe atajilisha shambani, na yeye akizeeka atarudi huko. Kamati ilitaka mshahara wa mtu na jamaa yake. Miaka zaidi ya sabini imepita. Wangapi hapa wanaishi na wake zao?

Na wazee wetu wa reli waliobaki mjini? Mkumbuke Muthurwa mwaka 2010, wapangaji, na kati yao wastaafu wa reli, walipotakiwa watoke, wakakatiwa maji na nyumba zikaanza kubomolewa. Ilibidi waende Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2013 ilisema haki zao zimevunjwa. Mfanyakazi hujenga mahali pawili, na mwisho huenda asiwe na hata pamoja.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, chama chetu kisichoke kudai nyumba za kukaa na jamaa na uhamisho wenye huruma. Pili, mwenye nia ya kuzeekea alipofanyia kazi asingoje mwaka wa mwisho. Atafute hati ya kiwanja angali ana mshahara, tena amwulize mkewe kabla ya kufunga sanduku. Baba hakufanya hivyo, naye amekiri. Tatu, tusiwatukane wazee hawa. Mtu akiacha nguvu zake zote mahali, si ajabu moyo wake ukabaki hapo.

Nilimwomba Baba msamaha. Mama naye sasa huenda Garissa baada ya mavuno. Hulalamika kwamba joto litamwua, kisha hukaa mwezi mzima.

Wazee wa ukoo wameniuliza, akifa atazikwa wapi? Nimewajibu wamwulize mwenyewe, maana yu hai, na simu anayo.